Keki ya Grace na Barua Niliyoificha

Igogo, Jumapili alasiri.

Mvua imeanza tulipotoka misa ya pili na haina dalili ya kuacha. Maji yanateremka kwenye mawe nyuma ya nyumba kama vile kuna mtu kule juu anamwaga ndoo moja baada ya nyingine. Mume wangu Felisiani amesinzia kwenye kiti chake, viatu bado viko miguuni. Mimi nimekaa mezani, pale pale keki ilipokuwa jana asubuhi. Kuna chembe za sukari zimeganda kwenye mbao. Sijazifuta.

Nyumba imekuwa kubwa ghafla.

Grace ameondoka leo asubuhi na mume wake kwenda Misungwi, ambako Josefu anafundisha shule ya msingi. Wamepewa lifti kwenye lori la pamba linalorudi tupu. Misungwi si mbali, mtu anakwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Hata hivyo nilisimama barabarani mpaka lori likapotea, na nikaendelea kusimama. Felisiani akanigusa begani. "Twende, Mama Grace. Tutakuta padre ameshapanda altareni."

Mama Grace. Igogo nzima wananiita hivyo, na kwa miaka yote sijamsahihisha hata mtu mmoja.

Mimi si mama yake. Ni mama yake mdogo. Mama yake ni dada yangu Editha, na Editha yuko Kisumu, kwenye ziwa hili hili, na hadi naandika maneno haya hajui kwamba binti yake ameolewa.

Nimeliandika hilo mapema nisije nikaanza kulizunguka.

Tulizaliwa Bukoba, yeye wa kwanza, mimi wa nne. Editha ndiye aliyejifunza keki, kwa masista, pamoja na kushona na kufuma. Akaolewa na Otieno, fundi wa mitambo ya meli, wakapewa nyumba hapa Mwanza, na mimi nikamfuata. Yeye ndiye aliyenitafutia kazi ya kupiga chapa bandarini. Kila Jumamosi nyumba yake ilinukia vanila. Maharusi wa Kikatoliki wa mji huu, nusu yao walikata keki iliyotoka mikononi mwa dada yangu. Mimi nilipiga mayai, nikachekecha unga, nikaosha masufuria. Kupamba sikuthubutu. Sikuwa na haja hata ya kujifunza, kwa sababu yeye alikuwepo.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, wafanyakazi wake waliambiwa kila mtu arudi kwao. Otieno kwao ni Kisumu. Waliondoka na watoto wawili wadogo. Grace alikuwa kidato cha tatu, shule ya bweni, na Editha hakutaka kumkatisha. "Kaa naye amalize," aliniambia pale gatini. "Likizo ya Desemba nakuja kumchukua."

Mpaka wa Kenya ukafungwa. Desemba ikafika bila meli.

Dirisha la ofisi yangu linatazama ile sehemu ambayo meli ya Kisumu ilikuwa inafunga kamba. Siku hizi pamewekwa magunia. Mwaka wa kwanza kila nikisikia honi nilikuwa nainua kichwa kwenye taipu. Ni ya Bukoba. Ni ya Ukerewe. Nikakosea herufi hata bosi akaniuliza kama macho yananisumbua. Baadaye nikaacha kuinua kichwa. Sijui ni lini hasa niliacha.

Grace akawa wetu. Mimi na Felisiani Mungu hakutupa mtoto, tumeshalia, tumeshanyamaza. Basi huyu akaja na sanduku lake la bati, akalala kwenye chumba cha uani, akamaliza shule, akasomea uuguzi, akaajiriwa hapa hapa mjini. Tuliimba pamoja kwaya. Tulipanga foleni ya sabuni pamoja. Aliniita mama mdogo tangu siku ya kwanza na hakuwahi kujisahau.

Nakiri hapa, maana hakuna anayesoma daftari hili: miaka yote nilikuwa nasubiri siku moja hilo neno "mdogo" lidondoke lenyewe.

Mwaka jana, wakati wa masika, alikuja sista mmoja wa Bukoba ofisini kwangu. Alikuwa ametoka Kisumu kwa kupitia Uganda. Akanipa bahasha, nikautambua mwandiko kabla hajaiachia.

Naikumbuka barua ile kwa moyo. "Mdogo wangu, Sista atarudi huku baada ya wiki tatu kwa njia ile ile. Mpe Grace aje naye. Sasa ni mtu mzima na mimi sijui hata urefu wake. Nataka nimwone kabla hajawa mke wa mtu. Akishafika, kama atataka kurudi kwako, nitamrudisha mimi mwenyewe."

Nilikaa nayo mapajani hadi saa ya kutoka. Halafu nikaiweka chini ya droo, nikaifunika kwa karatasi za kaboni.

Wiki tatu baadaye Sista alirudi. Nikamwambia Grace amenyimwa ruhusa hospitali. Nilimwambia nikimtazama usoni. Akasema, "Pole sana, mama. Tumwachie Mungu." Akanishika mkono akaniombea, mimi niliyemdanganya, pale pale mbele ya taipu yangu.

Nilijiambia nitaandika kueleza. Nilijiambia mwezi ujao. Kisha Josefu akaja na wazee wake kuposa, ndugu za Otieno wa Shirati wakasimama upande wa baba, mambo yakaenda haraka, na kila siku iliyopita ikawa ngumu zaidi kuanza barua. Ningeanzaje? "Dada, hatukumleta, na sasa anaolewa"?

Badala ya kuandika, nikaamua nitaoka keki. Sikuona wakati ule kwamba nilikuwa najaribu kumlipa Editha kwa kitu ambacho hakuniomba.

Keki siku hizi si jambo dogo. Unga wa ngano hauonekani. Balozi wetu wa nyumba kumi, mzee Masalu, aliniandikia kikaratasi cha harusi, nikapanga foleni dukani siku mbili, ya pili nikaupata. Sukari ilitoka kwa akina mama wa jumuiya yetu ya kanisa. Walikuja mmoja mmoja baada ya rozari, kila mmoja na kikombe amekifunika kwa kanga utafikiri anapitisha magendo. Mama Magreti alileta nusu kikombe, akasema wanawe watakunywa uji wa chumvi wiki hii na hawatakufa. Nilimkumbatia. Siagi ya kopo hakuna kabisa, nikatumia samli ya Kisukuma. Vanila ndiyo sikuipata hata tone, nikakwaruza maganda ya limau.

Nilioka Jumanne na Jumatano nikitoka kazini. Mchanga chini ya sufuria kubwa, sufuria ndogo ndani, mkaa juu ya kifuniko, kama alivyonifundisha Editha. Ya pili iliungua chini. Nikaikwangua kwa kisu, nikaiweka katikati ya zile tatu. Nyumba nzima ilinukia samli. Felisiani, ambaye ni seremala na ndiye aliyechonga vijiguzo vya kusimamishia keki juu ya keki, alipita akanusa akasema, "Hii harufu ni ya ng'ombe kabisa." Nikamrushia mwiko.

Nilicheka. Lakini barua ilikuwa bado chini ya kaboni.

Alhamisi jioni nilikwenda kitubio. Nilimweleza padre yote: barua, droo, Sista. Nikawa nasikia pumzi yake nyuma ya kitambaa.

"Hiyo barua iliandikwa kwako?" akauliza.

"Kwangu, Padre."

"Inamhusu nani?"

Nikainamisha kichwa.

"Basi malipizi yako unayajua. Usiningoje nikuhesabie Salamu Maria."

Nikapita ofisini kabla mlinzi hajafunga, nikaitoa bahasha chini ya kaboni.

Ijumaa nilikuwa na ruhusa. Nilishinda kinuni tangu asubuhi, natwanga sukari iwe unga, nachekecha kwa kipande cha chandarua, natwanga tena. Sukari yetu si nyeupe, kwa hiyo mapambo yalitoka na rangi ya ganda la yai la kienyeji. Nikapiga na ute wa mayai na limau mpaka mkono ukafa ganzi. Rangi ya mawaridi nilipata kwa maji ya bitiruti kutoka bustani ya misheni. Chombo cha kupambia nilikunja kwa karatasi laini za nta zinazokaa nyuma ya stensili za kurudufia, zile tunazotupa ofisini, nikakata ncha kwa mkasi.

Waridi la kwanza lilitoka kabichi. La pili sijui niliite nini. Pengine sikio.

Grace aliingia, ameanza likizo yake ya harusi, kichwa kimefungwa kitambaa kulinda nywele alizosukwa. Akainama kutazama. "Mama mdogo, hizi kabichi umezitoa Ukerewe?" Akacheka hadi akakaa chini. Kisha akanyoosha mkono. "Lete."

Alichukua kifuniko cha chupa ya soda, akakishika kati ya vidole viwili, akawa anakizungusha taratibu huku mkono wa kulia unabana karatasi. Petali moja, nyingine, nyingine. Alipoinua kidole palikuwa na waridi. Waridi kamili, lenye mdomo uliokunjika nje kidogo, kama alivyokuwa analifanya Editha.

"Umejifunza wapi?"

"Sikujifunza. Nilikuwa nakaa kwenye kigoda pembeni ya mama, ananipa zilizovunjika nile." Akatazama kifuniko kwa muda. "Sikujua kama mkono unakumbuka."

Nilitazama vidole vile na nikamwona dada yangu. Hakuna namna nyingine ya kusema. Kucha zile zile fupi, kidole gumba kile kile kinachopinda nyuma. Dada yangu alikuwa amekaa jikoni kwangu akiwa na miaka ishirini na kitu, na mimi nilikuwa na barua yake mfukoni mwa aproni.

"Grace, weka chini kwanza."

Nikampa. Aliisoma akiwa amesimama. Akarudia. Sukari ya vidole vyake ikaganda pembeni mwa karatasi.

"Hii ililetwa lini?"

"Mwaka jana. Wakati wa mvua."

"Na Sista alirudi?"

"Alirudi."

"Ukamwambia nini?"

Nikamwambia.

Hakupiga kelele. Ningefurahi kama angepiga kelele. "Sijui hata urefu wake," alisoma, kwa ile sauti ya taratibu ambayo nadhani ndiyo anayowasomea wagonjwa. Kisha akaikunja, akaishika mkononi, akatoka nje.

Nilimwona kupitia dirishani. Alikaa juu ya jiwe tunaloanikia nguo, uso ameuelekeza ziwani. Nilijaribu kusali, nikakuta sala zote zinaanza na jina la Editha na kuishia hapo hapo. Ute wa mayai ulianza kukauka bakulini. Nikaufunika kwa kitambaa kibichi. Sikujua la kufanya zaidi ya hilo.

Aliporudi, macho yalikuwa mekundu lakini makavu.

"Ungeniuliza, nisingekwenda," alisema. "Ndiyo kwanza nilikuwa nimeanza kazi, na Josefu nilikuwa nimeshamfahamu. Ningekwambia nabaki. Lakini ungeniuliza, mama mdogo."

"Ndiyo."

"Ungeniacha niandike barua moja."

"Ndiyo, mwanangu."

"Miaka yote hii mimi nimejua mama amenyamaza. Nimejua ana wale wadogo zangu, amenisahau."

Hilo sikuwa nimelifikiria.

Naapa sikuwa nimelifikiria hata mara moja. Nilijihesabia kosa la kumnyima dada binti yake. Kumbe nilikuwa nimemwacha binti aishi akiamini ametupwa, na huku namshonea gauni, namfunga vitambaa, namwita mwanangu.

Nilipiga magoti pale jikoni, nikamwomba msamaha kama ninavyomwomba Mungu. Akaniinua kwa nguvu, akasema, "Usinipigie magoti, wewe ni mzazi wangu." Hakusema amenisamehe. Alikamua limau kwenye bakuli, akapiga sukari upya ilainike, akashika kifuniko cha soda na kuendelea. Yeye mawaridi, mimi majani. Hivyo hadi tukamaliza. Ilikuwa keki nzuri kuliko zote nilizowahi kuziona zikitoka nyumba hii, na sikuweza kuitazama.

Jana wakafunga ndoa. Kanisa lilijaa, kwaya yetu iliimba na pengo la sauti ya Grace. Aliposema "nakubali" sauti yake haikutikisika. Mimi ndiye niliyetikisika. Nilikuwa nageuka kutazama mlangoni. Mtu mzima, na akili zangu, nageuka nyuma kama vile meli ingeweza kufika asubuhi ile na dada yangu akaingia na kapu lake kichwani, amechelewa, anaomba nafasi kwenye benchi.

Ukumbini, baada ya pilau, wakakata keki. Msema chochote akachukua kipaza sauti. "Sasa bibi harusi atamlisha mama yake mzazi. Mama Grace! Mama Grace apite mbele!"

Watu wakapiga vigelegele. Akina mama walioleta sukari wakageuka kunitazama wakitabasamu. Sikuweza kusimama. Felisiani alinisukuma kwa kiwiko, bado sikuweza.

Grace akaomba kipaza sauti. "Mama mdogo," akasema, polepole, ukumbi mzima ukasikia. "Njoo."

Pakawa na minong'ono. Wengi hawakujua, ni wageni wa miaka ya karibuni. Nilipita katikati yao na uso unawaka. Nilifikiri hiyo ndiyo adhabu yangu, na nilikuwa tayari kuipokea. Lakini nilipofika mbele alinilisha kwa upole kabisa, akanifuta ute wa sukari mdomoni kwa kidole chake, kama mtoto. Ilikuwa kweli, ndivyo nilivyo. Hakunivua kitu kilichokuwa changu.

Kisha akakata kipande kingine, chenye waridi kubwa kuliko yote, akakifunga kwenye leso yake nyeupe.

"Hiki cha mama," aliniambia, sasa bila kipaza sauti. "Utampelekea."

"Nani, mimi?"

"Wewe. Ukampe mkononi. Umwambie yote, na la barua umwambie kwa mdomo wako. Ukirudi, uje Misungwi kwanza, unieleze alivyosema."

Nikaitikia kwa kichwa. 

Kipande kiko kabatini, ndani ya kopo la majani ya chai. Nimekifungua mara mbili leo. Ile ya katikati ndiyo aliyoikata, iliyoungua. Itakauka njiani, lakini waridi litafika, sukari haiozi. Felisiani nilimwambia wakati tunatoka kanisani, na mvua imeshaanza kututonya. Alifikiri tulipopita mbele ya duka, akafikiri tulipopanda mawe, tulipofika mlangoni akasema, "Kaka yako wa Bukoba akusindikize mpaka kwa yule Sista. Peke yako usivuke." Basi, hilo ndilo jibu lake.

Naogopa. Siogopi njia wala askari wa mpakani. Namwogopa Editha akifungua mlango, akanitazama, akatazama nyuma yangu kama kuna mtu mwingine nimekuja naye.

Na kuna jambo sijaliandika popote. Nilipoificha barua ile nilisema moyoni kwamba siwezi kuishi bila Grace. Leo Grace amekwenda, na nyumba hii tupu imenionyesha ninayemlilia ni nani. Ni dada yangu. Natamani kumsikia akiniambia unga bado una madonge, chekecha tena. Nilimng'ang'ania binti kwa sababu alikuwa na vidole vya mama yake.

Atanipokea? Kama hatanipokea, nitakaa nje kwenye ngazi hadi lini?

Mvua imepungua kidogo. Kesho nataka niwahi ofisini kabla bosi hajaingia, nijaze kwa taipu fomu ya kuomba likizo. Wanataka mtu aandike sababu ya safari, na nimeitafuta sababu hiyo mchana kutwa, moja inayoingia kwenye mstari mmoja wa fomu.

Nitaandika: kumwomba radhi dada.